Nilikuwa fundi wa kutafuta mishipa ya watoto, na hiyo ilikaribia kuninyima mtoto wangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Jana niliona uzi wa kijana mmoja akilalamika kwamba boss wake hamwoni ilhali yeye ndiye anabeba ofisi nzima. Nikasema hii nami nina ya kuongeza. Ninayoyaandika yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi, na mke wangu ameketi hapa kando ananisahihisha.

Twende pole pole.

Miaka ya tisini nilikuwa nurse kwenye hospitali ndogo ya misheni upande wa Migori. Jina lake nitaliacha, maana waliniheshimu sana.

Kazi yenyewe ilikuwa malaria. Mvua ndefu ikishanyesha, wodi ya watoto inajaa mpaka wanalala wawili wawili kitandani. Wanaletwa kutoka Awendo, kwenye mashamba ya miwa, wengine kutoka kule Macalder wanakochimba dhahabu. Mtoto anafika amelegea, midomo imekauka, anatakiwa kuwekewa maji ya dripu haraka.

Sasa hapo ndipo kuna shida. Mtoto aliyekaukiwa mishipa yake imejificha. Unachoma, unakosa. Unachoma tena, unakosa. Mtoto analia, mama analia, na wewe nurse jasho linakutoka.

Mimi nilikuwa sikosi.

Sijui niseme nini zaidi wakuu, ni mkono tu. Nilikuwa nafumba macho, napapasa kwa kidole, na ule mshipa ninausikia chini ya ngozi kama uzi. Wengine ilibidi ninyoe nywele kidogo pembeni mwa kichwa nitafute huko. Nikishapata nafunga mkono kwenye kipande cha carton usikunjike, nampa mama mtoto wake.

Sifa zikaenea. Kina mama walikuwa wakifika getini wanauliza, "Ouma yuko?" kabla hata ya kuandikisha mtoto.

Na nilizipenda zile sifa, nisidanganye. Nani hapendi? Kuku nimeletewa, ndizi nimeletewa. Kule kwenye miwa kuna watoto walipewa jina langu, na wazazi wao wala si watu wa ukoo wetu.

Lakini sikilizeni upande wa pili.

Nilikuwa naitwa nikiwa off. Naitwa nikiwa kanisani Jumamosi, maana mimi ni Msabato, watchman anasimama mlangoni ananipungia mkono, na waumini wote wanajua ni mimi. Siku moja niliitwa nikiwa kwa kinyozi, nikaondoka nimenyolewa nusu kichwa. Niliingia wodini hivyo hivyo, na mama mmoja pamoja na uchungu wake wote akacheka.

Course zilipokuja, walienda wengine. Niliwafungia mizigo wenzangu wakaenda Nairobi kusomea upasuaji, wakarudi na vyeo. Mimi nilikuwa "muhimu mno".

Kilichoniuma zaidi ni familia. Mke wangu Milka alikuwa mwalimu wa primary Homa Bay, anakaa huko na binti yetu Awino. Misheni yetu ilikuwa na kituo kingine karibu na Homa Bay, kwa hiyo transfer ilikuwa jambo la Matron kukubali tu.

Matron wetu, Matron Rosebella, alikuwa mama mwema kabisa. Angekuwa mkali ningegombana naye, nijue moja. Lakini kila nikiingia ofisini kwake ananikalisha, ananimiminia chai, halafu anasema kwa upole, "Nyathina," yaani mwanangu, "nikikuachilia, nani atashika hawa watoto? Subiri kwanza mvua ipite."

Mvua inapita. Nyingine inakuja.

Nyumbani nilikuwa nafika mara moja kwa mwezi, miezi mingine sifiki. Awino akiniona anajificha nyuma ya sketi ya mamake. Inamchukua siku nzima kunizoea, na kesho yake nimeondoka.

Sasa siku moja simu ikalia pale ofisini. Alikuwa jirani ya Milka, anapiga kutoka kibanda cha simu cha posta. Awino ana malaria, amezidiwa, amepelekwa hospitali.

Matron aliniambia nenda, nenda sasa hivi. Nikavua koti la kazi.

Nikiwa kwenye veranda, mama mmoja akaingia mbio na mtoto mgongoni, na nyuma yake mwingine. Nurse wa zamu aliniangalia tu. Nikavaa koti tena.

Niliwawekea maji wale watoto wawili, mikono yangu inafanya kazi na kichwa kiko Homa Bay. Ndipo nikatoka kutafuta gari la Rongo, niunganishe mpaka Homa Bay. Njia nzima nilikuwa nawaza: mimi ndiye sikosi, na mtoto wangu anachomwa na mtu nisiyemjua.

Nilipofika, Awino alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji.

Maji yanaingia vizuri kwenye mkono wa kushoto. Mkono wa kulia na mguu vimebandikwa pamba mahali pengi. Carton imefungwa vibaya, imekaa upande. Lakini maji yanaingia.

Nurse aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo anayeitwa Consolata. Alipojua mimi ni nani na ninafanya kazi gani, akaona aibu.

"Nisamehe, baba. Nimemchoma sana. Mishipa ilinikataa."

"Nani alikusaidia?"

Akashangaa swali. "Anisaidie nani? Niko peke yangu hapa. Nilirudia tu mpaka ikakubali."

Nilimshika mikono yote miwili.

Baadaye tulitoka nje na Milka tukakaa kwenye benchi. Milka si mtu wa kelele. Akaniambia, "Baba Awino, wakati wanamchoma alikuwa analia akiniita. Akamwita bibi yake. Akamwita hata mwalimu wake wa nursery. Wewe hakukuita. Sikulaumu, nakwambia tu ujue."

Wakuu, nimewahi kuona mengi kwenye wodi. Hakuna kilichowahi kunikalia kifuani kama hicho.

Nilikaa nao mpaka Awino akapona, na siku zote hizo nilikuwa nikimfikiria Consolata. Yeye hakuwa na mtu wa kuita, ndiyo maana alijifunza. Kwetu hakuna aliyejifunza kwa sababu mimi nilikuwa naitwa. Nilidhani ninawabeba wenzangu, kumbe nimewazibia njia.

Niliporudi nilianza na Boke.

Boke alikuwa nurse msichana kutoka Ntimaru, Mkuria, mchapakazi, ila akiona mtoto mdogo anaiweka sindano chini. Nikangoja siku ameletwa mtoto ambaye hali yake si mbaya sana, wa kuweza kusubiri kidogo. Boke akaja kuniita kama kawaida.

Nikamwambia, "Leo unaweka wewe. Mimi nitashika kichwa."

"Ouma, usinifanyie hivyo. Nikikosa?"

"Utajaribu mkono mwingine."

Mama ya mtoto akanigeukia. "Daktari, si ni wewe unajulikana? Kwa nini unamwachia huyu?"

Hilo lilinichoma. Sindano iko pale, mkono wangu unajua njia. Nikapiga magoti, nikamshika mtoto kichwa, nikamwambia yule mama, "Mama, huyu ataweza. Mimi siendi popote."

Boke akakosa. Mtoto akapiga mayowe. Mama akaanza kunisema kwa Dholuo, maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Nikamwambia Boke, "Fumba macho. Usiutafute kwa macho, usikie kwa kidole."

Akafumba. Akapapasa, akapapasa, nikamwona uso umebadilika. Akachoma. Damu ikarudi kwenye mrija.

Alimaliza kufunga ile carton, akatoka nje akalia kama mtoto mwenyewe.

Baada ya hapo hakunihitaji sana. Wengine nao wakamwona, wakataka. Tukawa tunapeana zamu. Si wote walifika kiwango changu, na kuna watoto walichomwa zaidi ya ambavyo ningewachoma mimi. Hilo bado linaniuma kidogo. Lakini wodi ilitembea.

Matron hakuambiwa. Aliona mwenyewe, alipopita wodini akakuta Boke anaweka maji na mimi natandika kitanda. Akaniita ofisini. Akamimina chai.

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo, Matron."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nyathina, nilikupenda. Lakini nilikupenda kwa faida yangu." Transfer ilipita bila kelele.

Niwaambie kitu kingine ambacho watu hawasemi. Wiki za kwanza nikiwa Homa Bay nilikuwa nikisubiri wenzangu wa Migori wanipigie simu. Wakwame, waniulize, waniombe nirudi hata siku moja. Hawakupiga. Nilifurahi, na pia niliumia. Yote mawili kwa pamoja.

Awino hakunipokea kwa nyimbo. Aligoma kula nikimpakulia mimi. Nikimwambia avae viatu anaenda kumuuliza mamake kama ni kweli. Nilivumilia, nikawa nampeleka nursery asubuhi na kumsuka vibaya siku mamake ana haraka.

Siku moja nilichelewa kutoka kazini. Nikamkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, amenuna.

"Umechelewa," akaniambia. Akaingia ndani bila kunisalimu.

Nilibaki pale nje nikicheka huku nafuta macho. Mgeni haambiwi amechelewa, wakuu. Anayeambiwa hivyo ni mtu wa hapo nyumbani.

Sasa wewe kijana wa uzi wa jana, sikwambii ufanye kazi vibaya. Fanya vizuri kabisa. Ila ukiona ofisi haiwezi kwenda bila wewe, usijipige kifua. Mshike mtu mkono, umfundishe, na uvumilie akikosea mbele yako. Hiyo ndiyo ngumu kuliko kazi yenyewe.

Milka anasema nimesahau kuandika kwamba ule ususi ulikuwa mbaya sana, si mbaya tu. Haya, nimeandika.

Kwenu sasa. Nani humu amewahi kunyimwa likizo au cheo kwa sababu eti "bila wewe hatuwezi"? Ulitokaje hapo? Leteni, nitasoma moja moja.