Ndevu za Kinyozi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mume wangu hakuwasikiliza wahenga, na mimi ndiyo kabisa. Watu walimwita Kiwembe. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na ndevu tele zilizofanya nimkubali. Tangu tuoane sikuwahi kukiona kidevu chake, wala sikuwa na haja nacho.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akamkata mteja sikio. Mteja alicheka, lakini yeye alifunga kibanda, akaja kukaa kitandani bila kuvua viatu. Hospitalini wakampiga picha. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye pafu, na uvimbe mwingine, mdogo kama harage, umeota kwenye ubongo, pale panapoendesha mkono ule. Mimi nilijua watampasua fuvu. Daktari, mama mmoja mpole, akasema hapana, watatumia mionzi.

"Inaingia kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu," alieleza. "Inapokutana kwenye uvimbe ndipo inapata nguvu."

"Haba na haba," akasema Kiwembe. "Ila daktari, upasuaji bila kisu? Basi na mimi ninyoe watu bila wembe." Halafu akatoa swali lililokuwa linamkaba: "Nitashika wembe tena?"

"Tunatumaini, mzee."

Ili kichwa kisisogee hata kidogo, walimtengenezea barakoa. Mtaalamu wa mionzi alilainisha plastiki yenye matundu kwenye maji ya moto, akaivuta juu ya uso wake, ikakauka ikiwa imeshika kila kitu: paji, pua, na zile ndevu. Tukaambiwa turudi wiki inayofuata.

Asubuhi ya kurudi nilimkuta mbele ya kioo, wembe mkono wa kushoto, kidevu kitupu kimejaa mikwaruzo. "Nikalale mbele ya wataalamu kama kichaka?" akaniuliza. "Kinyozi mimi?" Nilimfokea mpaka jirani akachungulia. Kufika kule, barakoa ikacheza usoni kama sufuria juu ya mafiga mabovu.

"Mzee, huu sio uso tuliopima," akasema mtaalamu. Ikabidi atengenezewe nyingine, apigwe picha upya, na siku isogezwe. Ile ya kwanza niliiomba, wakanipa.

Siku yenyewe alilala, barakoa ikafungwa kwenye kitanda cha mashine, nami nikatolewa nje. Alipotoka alikuwa na alama za matundu mashavuni, akaomba chai. Hakuna kidonda, hakuna bandeji. Mimi niliyejiandaa kwa damu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Miezi ikapita, mtetemo ukapungua, mwishowe ukaisha, na picha zikaonyesha uvimbe umesinyaa. Akafungua kibanda.

Nikamwambia sasa rudisha ndevu.

"Hapana, bibie. Ukionekana uvimbe mwingine wataniita. Barakoa iliyoko kule ni ya uso huu."

Mtaalamu alishamwambia kwamba wangetengeneza nyingine tu, lakini mume wangu na kuambiwa ni maji na mafuta. Alinyoa kila asubuhi. Nami nilizitamani zile ndevu, nasema bila aibu. Akienda kazini nilitoa barakoa ya kwanza kabatini, nikapapasa pale kidevuni ilipovimba. Plastiki ni plastiki, haikuchomi shavu, hainuki sabuni ya kunyolea.

Kichwa kilitulia. Pafu ndilo lililokataa. Siku daktari aliposema hakuna tena cha kuongeza ila kumpunguzia maumivu, tulirudi nyumbani. Kiwembe aliuweka wembe wake juu ya kabati.

Asubuhi moja baadaye niliamka shavu linanichoma, ndevu zake zimeanza kuota. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kabla sijaelewa.

"Kanyoe," nikamwambia. "Inuka ukanyoe, mkono wako mzima. Wakikuita je?"

"Umezililia muda wote huu," akasema, akanivuta karibu. "Njoo uzichukue."