Samaki Aliowachagua Mutheu

Ukifika mtaa wa Sofia, pale Voi, ukaulizia nyumba ya Mutheu, kwanza utaulizwa alikuzalisha wewe ama alimzalisha mtoto wako. Miaka thelathini na mmoja ya wodi ya akina mama ilimfanya kuwa mwanamke wa amri. Akisema sukuma, unasukuma. Akisema nyamaza, hata baba mtoto aliye nje ya mlango ananyamaza. Si kwamba alikuwa na roho mbaya, la. Watoto walitoka salama, mama zao wakatoka salama, na nadhani hilo ndilo lililomharibu. Mtu akizoea kupatia kila siku, husahau kuuliza.

Alipostaafu, hakukaa hata mwaka. Mwezi wa Aprili mumewe Kaloki, mzee wa reli, mtu wa maneno na vicheko, alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburutwa, ulimi ukafungwa kabisa. Hospitali wakamrudishia mtu hai, lakini mtu huyo alilala akageukia ukuta. Asubuhi ukuta, jioni ukuta. Watu wa kanisa wakija kumwombea, wanauombea mgongo.

Mutheu aliujua mgongo wa namna ile. Alishawaona wagonjwa wenye dawa zote na watoto wa kuwauguza, wakaenda tu kwa sababu hapakuwa na kitu walichokitaka tena. Aliogopa. Jamani, aliogopa. Na kwa kuwa hajui kuogopa akiwa amekaa, alianza kutafuta kitu chochote kitakachomgeuza Kaloki.

Kitu chenyewe kilitoka kwa jirani. Lois, Mtaita wa Wundanyi anayekaa nyumba ya pili, alikumbuka kwamba zamani kwenye kota za reli Kaloki alikuwa na samaki wadogo kwenye chupa kubwa dirishani. Akamwekea video za samaki kwenye simu, akaiegemeza kwenye ule ukuta. Kesho yake Kaloki aliitafuta simu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Wiki ikapita, Mutheu akamkuta amejigeuza, ameketi, anatazama samaki mmoja tu, video baada ya video: diskasi, samaki wa mviringo, bapa kama sahani, ambao watoto wao hula ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama. Mutheu akaenda jikoni akalilia kwenye leso. Kisha akajipangusa, akampigia simu Maxwell, kijana wa Mombasa anayeuza samaki wa mapambo.

Maxwell alikuja na tangi la kioo, pampu na picha. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Kaloki, akampitishia picha moja moja. Kaloki akaweka kidole juu ya diskasi wa kahawia. Maxwell akaendelea. Kaloki akamrudisha nyuma, akaweka kidole palepale.

"Hawa wa rangi ya matope?" Mutheu akamuuliza mumewe kutoka nyuma. "Ala! Baba Ndanu, tunataka kitu cha kukufurahisha macho. Hebu niwaone wale wekundu."

"Hao wanaitwa pijini, Mama, ni diskasi pia," Maxwell akasema. "Kufuga ni rahisi, hawashtuki, hawaugui ovyo. Lakini mzee hajakosea. Kama ni kuzalisha nyumbani, tena mara ya kwanza, hawa wa kahawia ndio—"

"Umesema hawaugui?"

"Hawaugui ovyo, lakini kwenye kulea—"

"Basi nimesikia. Kulea ni kazi yangu mimi. Lete hao wekundu, dume na jike."

Kaloki alibaki na kidole hewani. Mutheu alikiona kile kidole, nawe usije ukadhani hakukiona. Alidhani tu kwamba anamchagulia kizuri zaidi.

Maji ya mfereji wa Voi, yakiamua kuja, yana chumvi ya kuacha magamba kwenye sufuria, na diskasi hayawafai. Lois akampigia kaka yake, madumu ya maji laini ya mlimani yakawa yanateremka kutoka Wundanyi kila Jumatano. Kaloki akawa anakaa mbele ya tangi kutwa. Alianza kula. Alianza kumsukuma Mutheu pembeni akimzibia. Na siku jike alipotaga juu ya chungu kilichofudikizwa tangini, mayai yamejipanga kama punje za uwele, Kaloki alicheka kwa sauti. Lois alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Sasa, Mutheu ni mkunga, na kwao Ukambani mzazi hawekwi mahali pa kutazamwa na kila apitaye. Hata wodini alikuwa wa kwanza kuvuta pazia. Akaona wale samaki wako wazi sebuleni, wageni wanaingia na kutoka, akawaonea huruma. Akaitoa sketi yake nyeusi ya kwaya, akaifumua, akalifunika tangi nyuma na pande mbili, mbele akaacha wazi kwa ajili ya Kaloki.

Kaloki alipoiona alianza kuguna. "Mm! Mm!" Akaunyosha mkono wa kushoto, akashika pindo la kitambaa akalivuta. Mutheu akaubandua ule mkono taratibu, akaurudisha mapajani pake.

"Tulia, Baba Ndanu. Mambo ya uzazi niachie mimi."

Akavuta tena. Akarudishwa tena. Baada ya mara ya tatu aliacha.

Watoto walianguliwa, na siku walipoanza kuogelea walikuwa kama mia, wembamba kama kope. Mutheu aliinama aone wakienda kwa mama. Hawakwenda. Walimpita mama, wakampita baba, wakajibandika kwenye kioo kilichofunikwa na sketi, wakawa wanadonoa, wanadonoa, hawapati kitu. Kesho yake wengi walikuwa chini, wamekufa. Kaloki alikataa uji.

Mutheu akampigia Maxwell.

"Mama, mtoto wa diskasi anafuata kitu cheusi," Maxwell akamweleza. "Wale wa kahawia wakipata watoto wanageuka weusi, mtoto anawaona. Pijini hawezi kugeuka, anabaki vilevile na wekundu wake. Ndiyo nilikuwa nataka kusema siku ile. Kuna kitu chochote cheusi hapo karibu na tangi?"

Mutheu aliing'oa sketi kwa mkono mmoja. Watoto waliobaki wakahamia kwenye sifongo nyeusi ya pampu. Akafuata kila alichoambiwa: akaitoa sifongo, akabandika karatasi nyeupe kwenye vioo, akapunguza maji ili mama awe karibu. Watano walimfikia mama. Jioni walikuwa wawili. Ijumaa asubuhi hapakuwa na mtoto, ila jozi ile nyekundu, ikizunguka tangi tupu kwa afya njema kabisa.

Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe.

"Ulinionyesha," akasema. "Kwenye picha ulinionyesha, na kwa sketi ulinionyesha mara tatu. Niliona mkono wako, nikauchukua nikaurudisha kama mkono wa mtoto. Nisamehe, Kaloki." Miaka mingi alikuwa hajamwita jina. "Nikuulize. Tulete wale wa kahawia, tujaribu upya, ama tuache?"

Akangoja. Chai ilichemka jikoni ikamwagikia moto, hakuinuka. Alikuwa anaomba kimoyomoyo mumewe aseme tulete, kwa maana bila samaki hakujua angemshikilia kwa kitu gani.

Kaloki akatikisa kichwa. Tuache.

"Lakini Baba Ndanu, Maxwell anasema wale ni—" Akajisikia anaanza tena. "Haya. Umesema."

Akachukua simu, akatoka hadi mlangoni, akamwambia Maxwell aje achukue samaki wake na tangi lake. Nyuma yake akasikia kiti kikilia, Kaloki anajisogeza. Alijua anaelekea wapi: kule ukutani. Akaendelea kuongea na Maxwell mambo yasiyo na maana, mradi asigeuke kumwona.

Alipogeuka, Kaloki alikuwa amekielekeza kiti mlangoni. Alikuwa anamtazama yeye, na mkono wa kushoto umenyooka, vidole vinakunjuka na kukunjika. Huenda alitaka simu. Huenda alitaka kutoka nje, au chai, au kushikwa tu. Mdomo wa Mutheu ulikuwa umeshafunguka kutoa amri. Akakata simu, akamsogelea, akachuchumaa.

"Sijui unataka nini," akasema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa neno hilo hakuwahi kumwambia mgonjwa yeyote. "Nionyeshe tena."