Land Rova ya Mama Flora na Dawa ya Mchwa

Wako watu Kitangari watakaokuapia kwamba Land Rova ya Bertila, yaani Mama Flora, ilifika nchi hii kabla ya mikorosho. Usibishane nao, utachelewa kula. La hakika ni kwamba gari lile lilikuwa la marehemu mumewe, Alfredi, na likipigwa honi Kitangari, mbuzi wa Nanganga, mbali kule, walikata kamba.

Alfredi alipofariki, watu walidhani mjane atauza gari anunue cherehani. Bertila akajifunga kanga kiunoni, akaweka mto kitini ili aone njia, akaliwasha. Tangu hapo kazi yake ikawa kuteremka bondeni kwenye chemchemi na kupanda na madumu ya maji. Bomba lipo kijijini, lakini lina siku zake, kama mkwe. Bertila alikuja kila asubuhi.

Mwaka jana gari likaanza kuugua. Kushuka lilishuka vizuri, na nani asiyeshuka vizuri? Kupanda ndiko kulikolishinda. Lilihema, likapiga chafya, nguvu zikaisha. Siku moja lilikwama katikati ya mlima na madumu yake, likarudi kinyumenyume mpaka mkorosho mmoja mzee ulipojitolea kulizuia.

Kaka yake Bonifasi akaja mbio.

"Bertila, gari hili litakuua."

"Gari hili linanilisha, kaka."

"Leo linakulisha, kesho litakula wewe. Nimeshaongea na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Masasi. Likishindwa mlima mara nyingine, wanakuja kulikata."

Na kwa Wamakonde, mjomba wa watoto akishasema ndani ya nyumba ya dada yake, hata paka husimama wima kusikiliza. Bertila akaitikia, lakini usingizi ukamhama. Bila gari, angekuwa mama wa kungoja kuletewa unga na wakwe.

Akaenda Newala kwa Rajabu, aliyezeeka akiuza petroli.

"Mama Flora," Rajabu akamwambia, "petroli ya zamani ilitiwa risasi, yale madini laini. Yalikuwa sumu kwa bongo za watoto, yakaondolewa, na ni vizuri yaliondolewa. Ila yalitandika siti za valvu, pale vifuniko vya ndani ya injini vinapokalia, kama mkeka. Magari ya siku hizi yana siti ngumu, hayajali. Lako ni la zamani. Mkeka haupo, valvu inagonga, siti inaliwa kidogo kidogo."

"Inaliwa?"

"Inaliwa, mama."

Bertila akacheka kimoyomoyo. Kumbe ni hilo tu! Nguzo za nyumba yake nazo zililiwa na mchwa, mpaka alipozipaka mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua mikono. Toka siku hiyo mchwa hupita mbali wameinamisha vichwa. Kinacholiwa hupakwa dawa. Akarudi nyumbani, akamimina jagi zima ndani ya tangi.

Kesho yake akajaza madumu bondeni, akaanza kupanda. Harufu ya korosho za kuchoma ikatangulia kufika kijijini. Watoto wakatoka na mabakuli. Kisha ukafika moshi wenyewe. Kitangari nzima ikalia. Msafiri aliyekuwa akipita akavua kofia, akauliza ni nani aliyefariki. Na gari, kabla halijamaliza mlima, likasema "gu!", likanyamaza.

Bonifasi akafika anafuta macho.

"Umelinywesha nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mchwa."

Bonifasi akakaa juu ya jiwe. "Dada yangu. Injini ina mchwa?"

Wanawake waliokuja kupokea maji wakacheka mpaka kanga zikawavuka. Bonifasi hakucheka. Akatoa simu. Hapo ndipo Bertila alipoogopa kweli.

"Kaka, nimekosea dawa, ugonjwa sikuukosea. Ngoja fundi alifungue. Akisema limekufa, hao wenye shoka nitawapokea mwenyewe, na ugali nitawapikia."

Jirani yake Julia akatua dumu chini, akamgeukia Bonifasi. "Baba Kulwa, na wewe chai uliyokunywa leo ni ya maji ya gari hili."

Bonifasi akairudisha simu mfukoni.

Kila mwanamke akatoa korosho zake kidogo kwa ajili ya fundi, na lori la mazao likalivuta gari hadi Masasi, kwa fundi Gasper.

"Shikamoo, Mama Flora."

"Marahaba, mwanangu. Limekufa?"

Gasper akafungua silinda hedi, kichwa cha injini, akainusa. "Kwanza niambie, hii ni injini au kikaango?"

Valvu zilikuwa zimegandamana kama kashata. Akazipasha moto, akazikwangua, akasafisha tangi mpaka midomo ikamvimba kwa yale mafuta. Chini ya ule weusi akazikuta siti zimedidimia, kama Rajabu alivyosema. Akazichonga zote akazitoa, akapachika mpya za chuma kigumu.

"Sasa linywe petroli hii hii ya watu wote. Likikataa mlima, njoo unikate mimi. Ila usilipikie tena, mama."

Siku ya kupanda na maji, Bonifasi akaingia kiti cha mbele bila kualikwa. "Tukifa, tufe wote. Sitaki marehemu mama aniulize huko peke yangu."

Bertila akatia gia. Madumu yalijaa mpaka nyuma. Mlima ukaja. Alisikiliza kila mpigo wa injini kama anayesikiliza mtoto mwenye pumu, na pumzi ikawa moja, nzito, haikatiki. Pembeni Bonifasi alishika dashibodi kwa mikono miwili akisukuma, ndiyo maana watu wa Kitangari wanasema nusu ya mlima aliupanda yeye.

Walipofika juu, Bonifasi akawapigia simu wale wa vyuma chakavu. "Msije. Hapana, hatujamuuzia mwingine. Liko kazini."

"Basi shuka, kaka," Bertila akasema, "watu wana kiu."

Bonifasi akashuka, akanyanyua madumu mawili.