Mfarishi wa Arobaini

Enzi zetu, wenzangu mliobaki, hakuna mtoto wa Kariakoo aliyehitaji saa ya mkononi. Filimbi ya karakana ya reli kule Gerezani ilimwondoa baba kitandani, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake tulijua Alasiri imeshaswaliwa, na cherehani zikianza kunyamaza kwenye vibaraza vya maduka ya Wahindi tulijua zamu yetu imefika. Tuliacha mdako, tukaacha rede, hata aliyekuwa karibu kushinda aliacha, tukakimbilia miguuni kwa mafundi kuokota vipande. Bafta, doria, kaki, marekani, na vile vya maua ambavyo tulivigombania mpaka tukang'atana. Kulikuwa na fundi mmoja mkali, akitufukuza kwa rula ya mbao, "Tokeni hapa, kunguru nyie!" Lakini kesho yake tulikuta ametuwekea vipande vizuri pembeni, ndani ya debe.

Vipande vile tuliwashonea watoto wetu wa bandia. Mimi na shoga yangu Kibibi tulikuwa na mtoto wa gunzi la muhindi aliyekuwa na nguo nyingi kutushinda sisi wenyewe, maana mimi nilikuwa na magauni mawili tu, moja mwilini na jingine kambani. Siku hizi naona wajukuu zangu wananunua suruali iliyokwisha kuchanika magotini, tena kwa bei ya kutisha. Bi Mwanakheri angekuwa hai angewakimbiza mtaa mzima na sindano mkononi.

Bi Mwanakheri alikuwa bibi yake Kibibi. Mzaramo mwembamba, mla tambuu, mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, imeezekwa madebe yaliyonyooshwa, na mvua ikinyesha, mle ndani hamsikilizani. Uani kwake ndiko walikokutana kina mama kila jioni baada ya Alasiri. Wanatandika mkeka mkubwa, kila mmoja anatoa sindano yake, na katikati linawekwa kapu la vipande. Hata Mama Lila, mke wa Mhindi mwenye duka la kona, alikuwa akivuka barabara na sari yake ameikunjia kiunoni. Chakula chetu alikuwa hali, maana dini yao Wahindu ilimkataza, lakini umbea wetu aliula wote. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake bandi zile ndogondogo za kwao, mishono ya mkono iliyopangana kama punje za mtama.

Kwa wasioujua, mfarishi ni tandiko la matabaka. Ndani zinalazwa kanga kuukuu, juu yake vinaungwa vipande vya kila rangi, halafu unapigwa bandi kuanzia ukingoni, ukizunguka na kuzunguka mpaka unafika katikati. Walishona huku wanaimba, wanasutana, wanacheka mpaka uzi unawakatikia. Sharti lao lilikuwa kipande kiwe kimevaliwa. "Nguo mpya haina mtu ndani," Bi Mwanakheri alikuwa akisema. Walitaka kipande kilichoshika jasho la mwenyewe na kupauka kwa jua. Ukiuangalia mfarishi uliweza kusoma mtaa mzima: hapa kaniki ya mama fulani, pale kikoi cha marehemu mumewe, hapa shati la mtoto aliyepelekwa chuoni na sasa ana ndevu.

Mifarishi ya kuuzwa hawakushona. Walishonea watoto wa mtaa wao. Mtoto akizaliwa, siku ya arobaini anapotolewa nje na mama yake, analazwa juu ya mfarishi ulioshonwa na majirani. Mama mzazi haruhusiwi kujishonea. Kibibi alikuwa na wake, umechakaa lakini analalia kwa maringo. Mimi sikuwa nao, kwa sababu nilizaliwa Tabora.

Na jambo hilo ndilo lililokuwa likimuuma mama yangu.

Tulikuja Dar es Salaam kumfuata baba, aliyepata kazi karakana. Tulipanga chumba nyumba inayotazamana na ya Bi Mwanakheri. Kina mama walimsalimia mama yangu vizuri, "Mama Siwema, umeamkaje?" naye akaitika, basi, kila mtu na njia yake. Alikuwa akikaa mlangoni na ungo wa mchele, anachagua mawe ambayo nadhani yalikwisha zamani, macho yako ng'ambo ya barabara vinakotokea vicheko.

"Watu wa huku wana salamu nyingi," alimwambia baba, "lakini salamu haikukaribishi mkekani."

Baba alikuwa mtu wa treni, na majibu yake yote yalitoka kwenye treni. "Taratibu, mke wangu. Hata garimoshi halitoki Tabora likalala Dar es Salaam siku hiyohiyo."

Mama aliposhika mimba, ile hamu yake ikageuka hofu. Nilimsikia akisema, "Mwanangu huyu akitolewa nje juu ya kanga tupu, atakuwa mgeni mpaka aote mvi." Lakini kuomba hakuweza. Mama yangu alikuwa na kiburi kizuri, kile cha mtu anayekopa chumvi mara moja na kurudisha mara mbili. Akaona bora atangulie yeye kutoa. Akaenda dukani kwa mume wa Mama Lila, akachagua kitambaa kipya cha rangi ya samli chenye maua mekundu, akakikunja vizuri, akavuka barabara.

Nilikuwa nimeshika kanga yake. Vicheko vilikatika. Mama akasema, "Shikamoo, Bi Mwanakheri. Nimeleta kipande cha kuungia." Bi Mwanakheri akaitika marahaba, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, kisha akakiweka chini ya goti lake badala ya kapuni. Wenzake wakatazamana. Mama Lila akainama kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. "Ahsante, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri, na hakuna aliyesema keti. Kumbe mama hakulijua lile sharti. Mimi nililisikia kila siku kwa Kibibi, lakini mtoto anasikia mengi na hajui lipi la kubeba nyumbani.

Baada ya hapo mambo yalizidi kuwa mabaya. Mama akipita, kapu linafunikwa. Akitokeza uani kuomba moto, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya dagaa. Halafu siku moja nikarudi kutoka kucheza na habari niliyoiona ya kuchekesha: "Mama, kile kitambaa chako Bi Mwanakheri amejifunga kichwani, anapulizia kuni jikoni. Kimejaa moshi!" Siku nyingine nikakiona kwa jirani wa pili, amejifunga akitwanga, jasho linamchuruzika. Nayo nikaileta. Mama alisikiliza, akaendelea kumenya mihogo. "Wamekifanya tambara la jikoni," alisema taratibu. Usiku ule hakula.

Kilichomaliza kabisa ni gauni. Mama alikuwa na gauni lake la buluu, alilosafiri nalo kutoka kwao, limefifia mabegani lakini akilipenda kuliko jipya lolote. Akalifua, akalianika, akageuka kuepua chungu, aliporudi kamba tupu. Wenzangu, mama yangu mpole yule alisimama katikati ya uwanja na tumbo lake kubwa, mikono kiunoni, akautukana mtaa mzima. Alianza kwa Kiswahili, Kiswahili kilipomwishia akaendelea Kinyamwezi. "Hata gauni la mja mzito! Mtaa wa wezi huu!" Ng'ambo kwa Bi Mwanakheri kimya, kama watu wote wamemeza sindano zao.

Baba aliporudi, mama alikuwa ameshavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Akamwambia, "Nitazaa hapa kwa sababu sina namna. Arobaini ikifika narudi kwetu na wanangu wote wawili. Huko mtoto wangu ana watu." Baba safari hii hakupata mfano wa treni. Alikaa kizingitini na buti zake zenye grisi, akainamia chini. Na mimi nililia, maana nilimpenda Kibibi, na Tabora nilikuwa nimeanza kuisahau.

Mdogo wangu Hamisi akazaliwa. Majirani walikuja kama ilivyo ada: huyu na uji wa pilipili manga, huyu na kuni, Bi Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyemkanda mama kwa maji ya moto. Mama alishukuru kwa adabu, lakini wakitoka anasema, "Wanatafuta thawabu. Thawabu ni ya Mungu, si yangu." Sanduku likawa linajaa polepole, leo shuka, kesho sufuria.

Siku ya arobaini mama aliamka mapema, akamwogesha Hamisi, akamvika, akachukua kanga yake safi kuliko zote kwenda kuitandika barazani. Alipofungua mlango alikuta mkeka umeshatandikwa nje. Kina mama wote wa Mtaa wa Sikukuu walikuwa wamesimama, Mama Lila na sari yake ya sherehe, na Bi Mwanakheri mbele na furushi kifuani.

"Leta mtoto wetu," alisema Bi Mwanakheri.

Akaukung'uta ule mfarishi, ukafunguka. Sijaona kitu kizuri kama kile tangu siku hiyo, na nimeona mengi. Kila nyumba ilikuwamo. Ukingo wote, mzunguko mzima, ulikuwa wa kitambaa cha rangi ya samli chenye maua mekundu, sasa kimepauka na kulainika. Na katikati, mahali bandi zote zilipokutana, palikuwa na buluu ya gauni la Tabora.

Mama alisogea na mtoto, macho kwenye ile buluu. Bi Mwanakheri akamwambia, "Mwanangu, ulituletea kitambaa kipya, tungekifanyaje? Tusingeweza kukurudishia, ungeona haya. Tusingeweza kukishona, hakina mtu. Basi tumekivaa sisi. Kila mmoja amekifunga kichwani kwa zamu, jikoni, kinuni, mpaka kikashika jasho letu sote. Na gauni ilibidi tuibe. Mja mzito haombwi kipande, akiombwa atajua, na kinachojulikana kabla kinaita kijicho. Kibibi huyu ndiye mwizi wako."

Kibibi alijificha nyuma ya sari ya Mama Lila.

"Na mimi nilivyowatukana," mama alisema.

"Tulikusikia," Bi Mwanakheri akajibu. "Ya Kiswahili tumeyasamehe. Ya kwenu hatukuyaelewa, hayo utamaliza na Mungu."

Wakaangua kicheko wote. Mama akacheka, akalia, akamlaza Hamisi juu ya buluu ile, akapiga magoti akiipapasa kwa kiganja muda mrefu. Kilichobaki cha gauni lake walikuwa wamenishonea mimi la kwangu, na Bi Mwanakheri alinivisha palepale barazani. Jioni ile kina mama walipotandika mkeka wao, mtu aliita kutoka ng'ambo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mama Siwema, sindano yako iko wapi?" Baba aliinama, akalisukuma sanduku la bati uvunguni kwa mguu.

Mama aliishi mtaa ule mpaka alipofariki. Aliiba nguo kwenye kamba nyingi kwa miaka yote hiyo, na wajawazito wengi walimtukana kwa lugha mbalimbali, akawa anarudi nyumbani anatuigizia matusi yao, tunacheka mpaka machozi.

Sasa nyumba ya Bi Mwanakheri ni ghorofa la maduka, ukisimama palipokuwa ua wake utauziwa vifuniko vya simu. Cherehani zimehamia viwandani kusikojulikana. Nguo za mitumba za soko la Mchikichini nazo zimevaliwa, sikatai, ila na nani? Vijana wetu shati likitoka kifungo linakwenda kupanguzia pikipiki, na nikimwomba mmoja anitungie uzi kwenye sindano ananitazama kana kwamba nimemwambia arushe ndege.

Mwaka jana mjukuu wangu alijifungua. Anakaa Upanga, ghorofa ya tatu, nyumba nzuri, vigae vinang'aa mpaka naogopa kuteleza. Mtoto kafunikwa blanketi laini sana, lina picha ya dubu, mnyama ambaye kwetu hakuna aliyepata kumwona. Nikamsifia, maana ni zuri kweli. Arobaini ilikuwa imefika siku hiyo, na nyumbani tulikuwa sisi watatu tu na televisheni. Nikamwuliza jirani wa mlango wa mbele anaitwa nani.

"Simjui, bibi," alisema. "Tunapishana tu kwenye ngazi."

Alisema hivyo anatabasamu, wala hakikumuuma kitu. Mama yangu alikosa usingizi na chakula kwa kuwataka watu wale, akafunga na sanduku kwa ajili yao. Mtoto huyu hajui hata kwamba kuna watu amewakosa. Nilimpakata kitukuu changu nikalia, na mjukuu wangu akanishika bega, akadhani ni furaha.