Mvua ya Kwakoa Niliyoigawa Mara Tisa

Mwanangu, swali lililoninyima usingizi nilipokuwa kijana kule Same lilikuwa dogo, hata niliona aibu kumwambia mtu. Kama jumla ni sahihi, kosa liko wapi?

Wewe umezoea kuniona kwenye televisheni. Kila mwisho wa mwezi nasimama mbele ya ramani nikisoma mvua ya kila kituo, na nikifika penye pengo nasema, "Hapa hapakupimwa." Vijana wa studio hunitania kwamba mimi ndiye mtangazaji pekee anayelipwa kwa kusema hajui. Nawaacha wacheke. Hawajui hayo niliyafundishwa na nani.

Nakumbuka nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa vitu na sisi tukazidi kukosa cha kuvinunulia. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na kila bahasha ya kaki iliyoingia ofisini niliiona ni yangu. Nilikuwa nimepangiwa kituo cha hali ya hewa, kazi yangu kukusanya vitabu vya mvua kutoka vijijini na kuandaa taarifa ya mwezi. Wakati huohuo stesheni mpya ya televisheni Dar es Salaam ilikuwa ikitafuta mtu wa kusoma hali ya hewa, na mkuu wangu wa kituo aliahidi kuniandikia barua ya kunipendekeza. Alipenda taarifa zangu kwa sababu hazikuwa na mapengo. Sifa ile, badala ya kunituliza, ilinitia woga zaidi.

Kwakoa mvua ilipimwa na Mzee Msangi, aliyewahi kuwa mlinzi wa shule ya pale. Kila siku saa tatu asubuhi aliyamimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye mistari, akasoma, akaandika. Mwezi mmoja wa kupanda alikwenda Hedaru kumzika dada yake, akakaa matangani. Aliporudi akakuta maji, akapima, akaandika kwa penseli: "Milimita themanini na moja. Maji ya siku tisa. Sikuwepo."

Siku tisa tupu, mwanangu. Nilizitazama asubuhi nzima. Nikawaza: nikiziacha wazi, mkuu atasema nimezembea. Akisema nimezembea, barua haitaandikwa. Isipoandikwa, bahasha ya kaki itanikuta bado nipo pale. Basi nikagawa themanini na moja kwa tisa, nikapata tisa kila siku. Halafu nikaona tisa zinazofuatana hivyo zinatia shaka, nikazichezea kidogo: hapa saba, pale kumi na mbili, hapa nane. Nilihakikisha jumla haibadiliki. Nikapiga chapa, nakala moja ikaenda wilayani Mwanga, nyingine nikaibandika ukutani ofisini.

Tangu hapo ndipo lile swali likanianza. Nikila, lipo. Nikiandika barua nyumbani, lipo.

Wiki ya pili Mzee Msangi alishuka kwenye lori la mkaa, akaja kuleta kitabu cha mwezi mpya. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Akaenda moja kwa moja ukutani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari wa Kwakoa. Kidole kikasimama.

"Hii mvua ya siku tisa ilinyesha wapi?"

"Kwakoa, mzee."

"Kwakoa ipi? Mimi ninayo moja tu." Akageuka kunitazama. "Sisi hatukuiona. Labda ilikuwa inakwenda kwa Wachaga ikapotea njia."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akavuta kiti, akanieleza. Majirani walimwambia mvua ilinyesha alasiri moja tu, ikashuka kama mtu amepindua pipa. Ilisomba udongo pamoja na mbegu zilizokuwa zimepandwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo, jua tupu.

"Mahindi yetu sasa yako ziwani Jipe," alisema. "Mwaka huu samaki ndio watakaovuna."

"Lakini jumla ni ileile, mzee," nikajitetea.

"Chakula cha siku tisa ukikila kwa mkupuo mmoja, jumla si ileile? Na hospitali tutakupeleka sisi."

Nikakivuta kile kitabu chake cha penseli, nikakifungua penye siku zile tupu.

"Mimi niliacha wazi kwa sababu sikuwepo," akasema, sauti ikiwa imelainika. "Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mzee."

"Ungekuwa umeniibia mbuzi, binti, Mpare mimi ningekupeleka mahakamani, na kesi ningeifurahia. Lakini hili nitamshtaki nani? Wewe ni mwanangu. Kesho Mwanga wanakaa kikao cha kugawa mbegu kwa vijiji vilivyopoteza mazao. Watasoma karatasi yako, watasema Kwakoa wamenyeshewa vizuri, siku tisa, taratibu. Haya, kazi njema."

Akanywa chai aliyopewa, akaondoka kulitafuta lori lake.

Niliwaza siku nzima, unavyonijua. Nikafikiria kusema ni kosa la uchapaji. Nikafikiria kupiga simu bila kutaja jina. Kila njia niliyoitunga ilikuwa na nafasi ya mimi kujificha, na kila moja ilihitaji uongo wa pili. Asubuhi nikaingia kwa mkuu na kile kitabu cha penseli.

Alisikiliza akiwa amevua miwani. "Unajua ofisi zinapunguza watu?"

"Najua, mkuu."

"Na bado unaniletea kosa lako mwenyewe."

"Ndiyo."

Akaichomoa ile barua ya kunipendekeza kwenye taipureta, haijafika nusu, akaiweka kwenye droo. "Hii haiendi. Wewe nenda. Basi la Mwanga linapita saa tatu, na usiniambie unawaza kwanza."

Nikaenda. Katika kikao kile nilisimama, nikasema: "Siku tisa za Kwakoa nilizijaza mimi. Hazikupimwa. Mvua ilinyesha alasiri moja na mbegu zimesombwa." Bwana shamba aliufuta mstari wangu kwa wino mwekundu, akaiandika Kwakoa kwenye orodha ya mbegu. Nafasi ile ya televisheni alipata mwingine. Mimi nilingoja miaka miwili mingine, na sikuwahi tena kuamka nikijiuliza juu ya ile jumla.

Basi nakusihi, mwanangu, wewe unayeanza kazi huku moyo unakudunda. Usichokiona usikiandike kana kwamba umekiona, hata kama hesabu inakubali. Pengo acha liitwe pengo. Na ukishakosea, nenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka kwa watu ambao kosa lako linawagusa, kabla hawajakosa mbegu.

Mungu akupe wazee watakaokukaripia huku wakikupenda. Akupe na ujasiri wa kupanda basi lile mapema.