Jumapili Mwamba wa Bibi Ulipokosa Moshi

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kusema. Ndiyo maana Jumapili ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa wa kwanza kuona kwamba mwamba wa bibi hautoi moshi.

Kijiji chetu kiko juu kwenye milima ya Udzungwa, nyumba chache tu zilizoshikilia mteremko, na mashamba yetu ya mpunga yako chini bondeni, mbele ya kitongoji cha Katindiuka. Mpunga ukianza kuiva, kila mwenye nguvu hushuka kufukuza ndege na kulala kibandani hadi mavuno. Wazee hubaki juu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: kila Jumapili baada ya sala ya kigangoni, mzee aliyebaki huwasha majani mabichi kwenye mwamba wa ukoo wake. Moshi ukipanda, yuko mzima. Usipopanda, unapanda wewe.

Mwamba wa bibi mzaa mama ulikuwa juu ya maporomoko ya maji. Yeye mwenyewe alipenda kunisimulia kwamba zamani moshi ulikuwa kosa. Waanzilishi wa kijiji walikimbilia huko wakati wa vita, wakajificha kwenye pango nyuma ya maporomoko, na aliyewasha moto mchana alichapwa mbele ya wote.

Siku ile, kutoka shambani kwetu bondeni, niliona miamba mingine inafuka. Wa bibi, kimya. Nikamwita mama. Aliangalia mlimani, akafunga kitenge upya, tukaondoka. Njiani tukampitia mjomba, mdogo wake mama. Alikuwa juu ya dungu lake, anawarushia ndege madongo kwa kombeo.

"Umeona?" mama akamuuliza.

"Nimeona, dada. Mama atakuwa kasahau tu. Nikiacha shamba saa hizi, ndege hawanibakizii hata punje. Tangulieni, mkikuta jambo mniwashie moshi."

Nilimchukia pale pale. Mama akashika njia.

Kupanda ni mwendo wa saa tatu. Siku nyingine ningesimama kwenye kona ile ambayo Mto Kilombero unaonekana wote, umejikunja katikati ya bonde. Wazungu fulani waliwahi kupanda hadi pale kupiga picha tu, wakashuka. Siku ile sikugeuza hata shingo. Mbega wakilia juu ya miti, mimi nasikia msiba. Nilikuwa nimeshamzika bibi: nimeshapanga nani apeleke taarifa na sanda inunuliwe duka gani Ifakara. Mama alikuwa mbele, viatu mkononi, anasali rozari kwa sauti ya chini. Kila alipokosea anaanza upya, na mimi nikaona hilo nalo ni dalili.

Tulipofika, bibi alikuwa kakaa mlangoni anapeta mchele. Mzima kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akatutazama sisi, kisha akatazama njia nyuma yetu.

Mama alikaa chini palepale uwanjani. "Mama, na moshi?"

"Sikuwasha."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Miaka yote hii nawasha. Nilitaka kujua kama kuna anayeutazama."

Nilitaka kugomba. Niliona tumechezewa, nikiwa na malengelenge miguuni. Lakini nilipoingia jikoni kunywa maji nikakuta jogoo wake, aliyekuwa mmoja tu, yuko chunguni, na juu ya kinu zimepangwa sahani nne. Hasira ikaniishia. Bibi alikuwa na watoto wawili tu duniani, mama na mjomba.

Aliingia nyuma yangu na ungo wake, mama akamfuata.

"Mdogo wako hakuona?" bibi akauliza.

Mama alinitazama kwanza. "Hakuona, mama. Kule shambani kwake miti imekua, imeziba mlima."

Bibi aliweka ungo chini taratibu, akajifuta mikono.

"Shamba lile nililifyeka mimi," alisema. "Halina mti."

Kisha akachukua sahani moja, akairudisha kwenye kichanja, akatupakulia.