Mdudu wa Kidole

Dresa, mtibabu wa zahanati yetu, alipokichana kidole gumba cha mume wangu, usaha haukutoka. Ilitoka damu tupu, haizuiliki, na mume wangu akapiga ukelele ambao hakuupiga hata alipotoka kupasuliwa kifua. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Miezi kadhaa kabla ya hapo walimpasua Unguja, wakamtoa saratani ya umio. Akarudi Pemba anakula, hata muhogo unapita, na msimu ulipofika akapanda mikarafuu kuchuma. Kidole kilipovimba tukasema mdudu, jipu la kidole, maana huwapata wachumaji kila msimu. Mama mkwe akamfunga kitunguu cha kuchoma. Kikazidi, tukaenda kwa dresa.

"Mshike, bibie," dresa akaniambia. "Mdudu tu huyu."

Mume wangu akacheka. "Umio nimestahamili, kidole kitanishinda?"

Kilimshinda. Tulimzika jeraha bichi. Daktari aliyemwona mwishoni alisema ilikuwa saratani ile ile, imeingia mfupa wa kidole. Akaniuliza, "Hamkupewa barua?"

Tulipewa. Wakati ule sikujua kusoma, lakini niliibeba kifuani toka Unguja nikamkabidhi dresa. Tuliikuta kwenye mtoto wa meza yake, gundi haijabanduliwa. Daktari akanisomea: uvimbe wowote ukitokea, popote mwilini, usikatwe, mgonjwa arudishwe.

Sisemi angepona. Nasema asingechanwa bure, tena nimemshika mimi. Dresa yu hai, kila alasiri yuko barazani kwake anacheza bao. Na aseme mbele ya wenziwe: kwa nini hakuifungua?